Wanaosifia Gemu za Kibandani

Nilimwamkia mzee wa watu shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, na saa moja haijaisha nikamzaba kibao kilichomdondosha kofia. Ilikuwa Jumapili mchana, kando ya ziwa, mahali wanapochoma sato, mbele ya watu wazima walioacha familia zao nyumbani wakaja kubishana kama gemu za zamani ni bora kuliko za sasa. Mama yangu hadi leo ananiuliza nililelewa na nani. Namjibu kwamba nililelewa na yeye, na fimbo zake bado nazikumbuka, na kwamba kibao kile mzee alikistahili tangu mimi niko kidato cha pili.

Ngoja nieleze, maana nikiishia hapo mtaniona kichaa.

Tulikulia Buhongwa enzi ambazo mawe yalikuwa mengi kuliko nyumba. Wazazi wetu walihamia Mwanza kutoka Mara. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa, kwa hiyo tulimwona zaidi usiku wa mbalamwezi, wakati dagaa hawavuliki. Mimi na kaka yangu tulipishana miaka miwili. Alikuwa mkubwa, mwenye hasira za karibu, na mtu wa kupiga kwanza kisha kuuliza. Mimi nilimfuata kila alikokwenda. Ndivyo nilivyofika kwenye kibanda cha gemu, mahali ambapo msichana akionekana anaitwa majina.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, pembeni ya barabara ya Shinyanga, na mlango wake ulikuwa gunia lililoning'inizwa. Ndani mlikuwa na benchi moja, tivii ya chogo moja, mashine ya kijivu moja na joto la kuivisha mayai. CD ikigoma, mwenye kibanda aliifuta kwa fulana yake. Ikigoma tena aliisugua kwa dawa ya meno. Ikigoma kabisa aliipindua mashine juu chini, na sote tukanyamaza kana kwamba mchungaji anaomba, mpaka picha itokee.

Gemu iliyopendwa ilikuwa ya ngumi. Watu wawili wanapigana, mmoja anaanguka, basi. Haikuwa na hadithi wala maelezo. Mlikaa wawili kwenye benchi mapaja yamegusana, jasho la mwenzako likikulowanisha, na nyuma yenu walisimama wanaume kumi wanaotukana. Ukizidiwa unamchapa mwenzako kiwiko. Akizidiwa anakukanyaga mguu. Mimi niliwahi kung'olewa jino pale, na aliyening'oa ana alama ya meno yangu yaliyobaki hadi leo kwenye mkono wake, ukikutana naye mwombe akuonyeshe. Watu wanaposema gemu za zamani zilitukutanisha, ni kweli zilitukutanisha. Hata majogoo wa kupiganishwa hukutanishwa.

Kulikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza, anayepigwa anaamka. Ya pili, anayeamka anamkabidhi pedi ya kuchezea anayefuata, na anamkabidhi kwa mkono wa kulia. Sheria hii ya pili hakuitunga mwenye kibanda. Ni ile ile ya nyumbani: chakula, pesa, salamu, kisu, mtoto mchanga, chochote unachompa mwenzako unatoa kwa kulia. Kushoto ni kwa kazi za chooni. Ukimpa mtu kitu kwa kushoto mbele za watu umemwambia jambo ambalo mdomo wako umeogopa kulisema.

Kaka yangu alikuwa fundi wa gemu ile. Nguvu yake ilikuwa kwenye dole gumba la mkono wa kulia, maana vitufe vya ngumi na mateke viko upande huo. Lilikuwa dole pana, lenye sugu ya kamba za nyavu na sugu ya pedi. Alilipitisha juu ya vitufe bila kuangalia, na kwenye tivii mtu akaanguka. Watu walilipa tu ili wamwone anavyowaaibisha wengine.

Jumamosi moja alikuja kijana mgeni. Alitoka visiwani, alikuwa akipasua sangara mwaloni, samaki wanaposhushwa, na magamba yalikuwa bado yameganda kwenye viatu vyake. Alicheza vizuri sana. Alipiga watu watatu mfululizo, kimya kimya, bila majigambo, na hicho ndicho kiliwaudhi watu zaidi. Kaka akakaa naye. Walipigana mpaka raundi ya mwisho, kaka akashinda kwa damu kidogo iliyobaki. Kibanda kikalipuka kwa kelele. Kijana akainuka. Anayefuata nilikuwa mimi. Akaniletea pedi, kwa mkono wa kushoto.

Mimi niliipokea. Sikuwa nimetazama mkono, nilikuwa natazama tivii. Kaka yangu ndiye aliyeona.

"Unampa nani hivyo?" aliuliza.

Kijana hakuelewa. Alitabasamu. Kaka akalisoma tabasamu lile kama alivyousoma mkono, akampiga ngumi ya pua nikasikia mfupa ukilia. Benchi likapinduka. Waliokuwa nyuma, ambao dakika moja kabla walikuwa wakimshangilia, wakamrukia na wao, kwa sababu alikuwa mgeni na mgeni hana ndugu. Walimpiga mateke akiwa chini, mmoja akamvutia nje kwa nywele, mwingine akamkanyaga vidole. Alitoka kwa kutambaa chini ya lile gunia. Sisi tukainua benchi, tukakaa, tukaendelea kucheza. Ndivyo ilivyokuwa. Ngumi pale ilikuwa kama kupiga chafya.

Hatukumaliza hata mzunguko mmoja. Gunia likafunguka, kijana akaingia na kisu cha kupasulia samaki, uso wake wote damu, akilia. Nasisitiza kwamba alikuwa akilia. Kaka alipogeuka aliinua mikono miwili kujikinga, na pedi bado iko mkononi. Kisu kikashuka. Kilikata waya wa pedi na kikakata dole gumba palepale chini kwenye shina.

Mengine nayakumbuka vipande vipande. Damu kwenye bati, ilivyoruka juu. Kaka akiangalia mkono wake kwa mshangao, kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Mimi nikivua sweta la shule na kuuzungusha mkono ule, nikikaza mpaka meno yanauma. Na mwenye kibanda. Alikuwa mtu mzima, mwenye nguvu, na alisimama hatua mbili kutoka kwa kaka. Alisema, "Tivii yangu!" Akachomoa waya ukutani, akaikumbatia tivii, akamruka kaka yangu pale chini akatoka nayo nje. Kisha akarudi. Nikasema sasa anakuja kutusaidia. Akabeba mashine.

Huko nje mtu alipiga kelele za mwizi. Hakukuwa na mwizi, lakini kwetu ukitaka watu waje mbio huna neno jingine, na neno hilo likishatoka halirudi. Wakamfukuza kijana hadi barabarani. Walimpiga kwa mawe, kwa matofali, kwa ubao wenye misumari. Watu walioshuka kwenye mabasi, wasiojua lolote, walimpiga pia kisha wakapanda mabasi yao wakaendelea na safari. Nilipotoka nimemshikilia kaka, niliona tairi likiviringishwa. Gari la polisi lililokuwa likipita njia zake ndilo lililomwokoa, la sivyo angeungua mbele ya macho yetu, na wakati ule mimi nilitaka aungue.

Siku ya tatu hospitalini alikuja mwanamke mmoja, amefunga kitenge kilichopauka, kabeba chupa ya uji. Alimwamkia mama, ingawa walikuwa rika moja. Akasema yeye ni mama wa yule kijana. Mama yangu aliipokea ile chupa, akaifungua, akaumwaga uji wote miguuni pa yule mwanamke. Ulikuwa wa moto. Mwanamke hakurudi nyuma.

"Mwanangu ni wa kushoto," alisema. "Tangu mdogo. Nilimchapa, nikamfunga mkono kwa kamba, nikampaka pilipili. Hakuacha. Akisahau tu unarudi huo huo. Hakuwa na dharau, mama. Alikuwa amesahau."

Kaka yangu, kitandani, aligeukia ukutani. Alikuwa amesikia kila neno.

Tangu siku hiyo kaka yangu hakukasirika tena. Nieleweke vizuri: sisemi kwamba alijifunza uvumilivu. Ilikuwa kama mtu aliyezimwa. Kijana alifungwa, alipotoka akarudi kwao kisiwani na taya lisilofunga vizuri, hatukumwona tena. Kaka naye hakushika tena pedi, maana bila dole gumba hushiki pedi ile. Inakuponyoka, na vitufe vyote vya ngumi viko mahali ambapo wewe huna kidole. Kamba za nyavu pia zilimshinda. Ugali ulimshinda. Watu hawafikirii hilo. Tonge linafinyangwa na vidole vyote, lakini kile kitundu cha kuchotea mchuzi anakitoboa gumba. Kwa mkono wa kushoto aliweza, lakini nani atatia mkono wa kushoto kwenye sahani ya watu? Akawa anabeba chakula chake anakwenda kula nyuma ya nyumba, akiangalia mawe. Salamu akatoa huku mkono uko mfukoni.

Watu walimsifu. Kijana mpole, walisema, hana neno na mtu. Kwenye kikao kimoja cha ukoo mjomba alisimama kuhimiza umoja, akasema kidole kimoja hakivunji chawa, kisha akatambua alichokisema. Nilimtazama kaka. Nilimwomba Mungu kaka ainuke, apindue meza, amtukane mjomba, atutukane wote. Akatabasamu. Akasema, "Ni kweli, mjomba." Nilitoka nje nikapiga mti ngumi mpaka nikachubuka. Upole ule ulinitisha kuliko kisu. Kaka yangu alikuwa amekufa na kilichobaki kinatembea Buhongwa kikisalimia watu, na mimi pekee ndiye niliyetaka arudi, hata kama akirudi ataniumiza.

Miaka imekwenda. Sasa naishi Kiseke, nina mume, na mume wangu ana mashine mpya ya gemu ambayo mimi sikuipenda hata kidogo. Na sijabadilika sana. Gemu za sasa zinachosha. Unataka kucheza, inakwambia subiri ijisasishe, inakula bando lote, katikati umeme unakatika, unaanza upya. Halafu damu yake! Zamani damu ilikuwa vitone vyekundu vinavyopotea kabla havijafika chini. Hizi za sasa unaona jino likitoka, unaona jicho linavyovimba. Mzee wa kanisa alipoiona kwetu alisema mashine hizi ndizo zinazofundisha vijana ukatili. Nilimkaribisha chai. Nikamwambia damu ya kwenye tivii sijawahi kuifua ikagoma kutoka kwenye sweta.

Mwaka jana tulipokuwa tunaezeka upya nyumba ya mama, kaka alikuja kukaa kwetu. Siku moja nimetoka kazini mapema, nikasikia kutoka sebuleni sauti ya ngumi na mtu anayehema. Nilisimama ukumbini na viatu mkononi. Kaka yangu alikuwa ameiweka pedi mapajani, mkono wa kushoto umeshika, na wa kulia umelala juu yake, vidole vinne vimening'inia upande wa mbele.

Hakushtuka. Alisema, "Hii inakubali kuhamisha ngumi."

Nilimuuliza inahamishwaje. Akanionyesha. Ndani ya mashine kuna mahali unachagua kila kitufe kifanye kazi gani. Alikuwa ameondoa ngumi na mateke pale panapotaka gumba, akavipeleka vitufe vya juu, vya mabegani, ambavyo unabonyeza kwa vidole vingine. Alikuwa ametafuta mwenyewe, siku mbili, wakati sisi tuko kazini. Gemu ya kibandani haikuwa na kitu kama hicho. Aliyeitengeneza alikuumba una vidole kumi, ukipungukiwa shauri yako. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili asinisikie.

Alicheza kila siku. Alikuwa akipigwa vibaya na mashine, kimya, na tabasamu lake lile lile. Nikawa naomba akasirike. Hakukasirika. Mashine haina uso, nadhani, na hasira inahitaji uso.

Ndipo watoto wa zamani wa Buhongwa, ambao tuna kundi la simu, wakaanza ubishi wao: gemu za zamani au za sasa. Walibishana wiki nzima, wakatumiana picha, wakatukanana, wakakubaliana wakutane Jumapili kando ya ziwa, mtu alete tivii ya chogo na mashine ya kijivu, mwingine alete mpya, waone. Niliwaambia mpya ya kwetu ninakuja nayo. Kaka sikumwambia tunakwenda kufanya nini. Nilimwambia tunakwenda kula samaki.

Na mwenye kibanda alikuwepo. Amezeeka, kavaa kofia ya mkeka, watu wanamzunguka kama bwana harusi. Nilimwamkia kwa sababu adabu ni adabu. Alipopewa nafasi ya kuzungumza alisema zamani ndiyo gemu zilikuwa gemu. Zamani watu walikaa pamoja, walijuana, waliheshimiana. Alilitaja lile benchi kwa upendo. Mimi nilikuwa najitafuna shavu kwa ndani. Kaka alikuwa nyuma yangu, mkono mfukoni, anaitikia kwa kichwa.

Kisha mzee akaona ninachofanya kwenye mashine mpya, nikihamisha vitufe. Akauliza ni cha nini. Mtu akamweleza. Akacheka, wala si kwa ubaya, alicheka tu kama wazee wanavyochekeana na vijana.

"Sasa hiyo ni gemu au ni hospitali?" alisema. "Zamani kama huwezi, unaamka. Mnaona? Hizi za sasa zimetengenezewa vilema."

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka mkono wangu ukiwaka moto na kofia ya mkeka ikiviringika kwenye mchanga. "Ulibeba tivii!" nilikuwa nikipiga kelele. "Ulimruka ukabeba tivii, ukarudi ukabeba mashine!" Watu wawili walinishika. Nilimpiga mmoja teke la ugoko. Mzee alikuwa ameshika shavu, na nikaona kwamba amekumbuka, maana alikuwa ameacha kunitazama mimi, anamtazama kaka.

Kaka akapita mbele yangu. Nilidhani anakwenda kumwomba radhi mzee, kama anavyomwomba radhi kila mtu. Badala yake alinigeukia mimi.

"Nani kakwambia unipiganie?" alisema. "Nani? Mimi nilikupigania wewe, ikawa nini?"

Akamwambia mzee, "Kaa." Mzee akasema, "Mwanangu, haya yaishe." Kaka akasema tena, "Kaa hapo chini, shika pedi."

Ninyi msidhani mzee alikuwa kibonde. Miaka ile wateja wasipokuwepo alicheza mwenyewe kutwa nzima. Aliketi, akaishika ile pedi mpya, akaizoea kwa muda mfupi, akampiga kaka yangu raundi mbili bila jibu. Watu wakaguna kwa huruma. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi ya pole, yale ya kumpongeza aliyejitahidi.

Kaka aliichukua kreti ya soda iliyokuwa pembeni akaipiga teke. Chupa zikapasuka. Alimtukana aliyepiga makofi, akamtukana baba yake, akamtukana kwa Kijita neno ambalo sikuwa nimelisikia tangu utotoni. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Mkono wa kulia ulikuwa nje, hadharani, vidole vyake vinne vimekunjuka, na wala hakuwa na habari nao.

"Tena!" alimpigia kelele mzee. "Hujaamka, na mimi siamki! Tena!"

Mzee akaanza tena. Safari hii hakumwonea huruma, Mungu ambariki kwa hilo. Nilisogea karibu nione, nikainama begani kwa kaka, nikamwambia ajilinde chini, chini, jilinde chini.

"Toka, unanizibia!" alisema, akanichapa kiwiko cha mdomo kwa nguvu zake zote.

Nilianguka kwa makalio mchangani. Mdomo ulikuwa umepasuka na damu inaingia kwenye meno. Mwanamke mmoja alikuja na kitambaa akanipa pole, akadhani nalia kwa maumivu. Nilimsukuma kando, maana na yeye alikuwa ananizibia. Kaka yangu hakugeuka kuniangalia hata mara moja. Alikuwa anapigana.